Kisigino Changu Kwenye Ukingo wa Pisini

Udongo wa kichuguu ukilowa una harufu yake, na mimi nikiisikia hata leo, visigino vinaniwasha kutaka kuruka. Msinicheke. Nilizaliwa Kasongo wakati wa Wabelgiji, binti wa Ramazani mwashi, na katika utoto wangu wote hakuna msimu wa mvua ninaojivunia kama ule tuliotengeneza ukingo wa bwawa la kuogelea la Wazungu. Bwawa hilo, au pisini kama tulivyoliita, lilikuwa juu ya kilima, limezungushiwa ua wa miti mifupi iliyokatwa sawasawa. Maji yake tuliyajua kwa kusimuliwa. Ndani ya ua hakuingia Mwafrika ila mwenye kazi, na mwanamke Mwafrika hakuingia kabisa.

Ukingo wenyewe ulikuwa wa mawe ya kuchonga, na nyuma ya mawe kulikuwa na sakafu ya karo, yaani vigae vyeupe. Upande walikokuwa wakirukia majini Wazungu, mawe yalikuwa yanacheza kama meno ya mzee, na karo zimepasuka. Baba alikuwa ametumwa kuzitengeneza mara mbili, na mara zote mbili alikatazwa kuchimba. Msimamizi wa kazi, Mbelgiji ambaye mji mzima ulimwita Bwana Upesi, alitaka karo nzima zibandikwe mahali pa zile zilizovunjika, basi. Mvua ikija, zinapasuka tena. Sokoni wakaanza kumtania baba: "Ramazani, karo zako zimeamuka muzuri?" Baba alicheka nao, lakini akifika nyumbani chakula kilikuwa hakipiti. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ufanyeje ukikatazwa kuufikia ufa wenyewe. Mara ya tatu Bwana Upesi alimruhusu kuchimba, akaongeza kwamba zikipasuka tena ataleta waashi wa Bukavu, na baba atarudi kuwa mbeba matofali. Mama alilia aliposikia, maana uashi wa baba ndio uliokuwa jina letu pale mtaani.

Baba alipong'oa karo na mawe, chini alikuta kifusi kilichomwagwa tu, hakikushindiliwa hata kidogo. Akakitoa chote, akaleta udongo wa kichuguu uliochanganywa na kokoto. Hapa sharti nieleze jambo la kwetu. Kijana akijenga nyumba ya kuolea, sakafu yake haishindiliwi na wanaume. Kina mama wa ukoo huja na michi yao ya kutwangia muhogo, wakajipanga mstari, wakatwanga udongo kwa wimbo. Kisha huitwa msichana ambaye bado hajavunja ungo, akaruka miguu mitupu na kutua kwa visigino. Kisigino kikiacha alama, michi inarudi kazini. Kisipoacha, husemwa kwamba nyumba imekubali. Neno la msichana halipingwi, hata na bwana harusi aliyechoka kungoja. Kwetu mkubwa wa michi alikuwa shangazi Mwajuma, dada mkubwa wa baba, aliyeolewa huko Wamaza na wakati ule alikuwa amekuja kukaa nasi. Na mwenye visigino nilikuwa mimi.

Vibarua wa baba walikuwa hawajamaliza hata nusu ya kushindilia pale wingu liliposimama upande wa Kabambare, jeusi tii, mchana kweupe. Udongo ule ukipigwa na mvua kabla haujakaza unakuwa tope, na tope lingeporomokea ndani ya bwawa pamoja na jina la baba. Akamtuma kibarua mmoja nyumbani mbio. Shangazi hakuuliza swali. Alibeba mchi wake, akapita akiita kila mlango, na kina mama wakaacha muhogo kwenye vinu wakamfuata. Tukapanda kilima, michi mabegani, mimi nikikimbia mbele. Mlinzi wa ua akatandaza mikono. "Wamama hawaingiake hapa," alisema. Shangazi akamjibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, na ile mvua utaiambia nayo isiingie?" Bwana Upesi akatoka barazani. Alilitazama wingu, akaitazama michi, akatamka neno la Kiswahili alilolijua kuliko yote: "Upesi." Mlinzi akasogea.

Nilipoliona bwawa nilivunjika moyo kidogo, kwa kuwa lilikuwa limetolewa maji, nami nikaona shimo tu. Lakini michi ilipoanza nilisahau. Walijipanga ukingo mzima, kanga zimekazwa viunoni, shangazi akianzisha na wengine wakipokea, michi ikishuka kwa pamoja hata kifua changu kikatikisika. Ulikuwa wimbo wa kumsifu bibi harusi, nao mahali pa jina la bibi harusi wakatia pisini, wakacheka bila kukosa mapigo. Vibarua wakamwaga udongo, michi ikaukaza, wakamwaga tena. Mwishowe shangazi akainua mkono na kuniita.

Niliruka kutoka pembe moja, nikisonga mbele kidogo kidogo. Udongo ulinijibu mgumu, mgumu, mgumu, mpaka mwisho kabisa, mahali pale pa kurukia. Hapo kisigino kilizama. Alama yenyewe ilikuwa ndogo, ya kutosha harage moja tu. Tone la kwanza la mvua likanipiga shingoni. Baba alikuwa ameniinamia, na macho yake yalikuwa yanaomba. "Zaina, iko sawa?" Nilimpenda baba kuliko watu wote, na nilijua anataka kusikia nini.

"Bado," nikasema.

"Dada, mvua imefika," baba akamgeukia shangazi. "Inatosha."

"Ramazani, wewe uko fundi wa mawe. Mutoto amesema."

Baba akaupokea mchi wa mama mmoja mzee aliyekuwa anahema, akaingia katikati ya mstari wa wanawake, akatwanga. Mwanamume na mchi, mbele ya vibarua wake, mbele ya Mzungu. Hakuna aliyecheka. Nilipoitwa tena niliruka kwa nguvu zangu zote, nikatazama chini, na hakukuwa na kitu. "Imekubali!" nikapiga kelele, na vigelegele vilikuwa havijaisha mvua ikatumwagikia.

Asubuhi maji yalikuwa yameteleza juu ya udongo na kwenda zake. Baba akatandaza saruji, akarudisha mawe, akapanga karo. Jumapili Wazungu waliruka walivyotaka, na msimu wa mvua uliofuata haukupasua karo hata moja. Waashi wa Bukavu hawakuitwa. Sokoni utani ukageuka: mtu akiuziwa kiti kilicholegea anauliza kama kimepigwa kisigino cha binti Ramazani. Mimi nilitembea Kasongo nzima kifua mbele, na sioni aibu kulisema.

Sasa ni mzee, magoti yanalalamika. Juzi juzi nilipanda kile kilima na mjukuu wangu. Ua haupo. Bwawa limejaa majani na vyura, na pande tatu za ukingo zimemomonyoka, karo zake zimechukuliwa kwenda kupamba nyumba za watu. Upande wetu umebaki. Waliojaribu kuzibandua karo wamezichubua pembe tu, wakaziacha, na kina mama wanaanika muhogo juu yake.

"Bibi, na nyinyi mulikuwa munaogelea humu?" mjukuu akaniuliza.

Nikamwambia hapana, hata kidole cha mguu hatukuchovya. Akaniangalia kwa huruma, na ile huruma ilinichoma. Nikavua kandambili. Nikasogea mpaka pale pa kurukia, nikamshika bega, nikaruka kidogo, kadiri magoti yalivyoniruhusu, nikatua kwa visigino. Karo hazikulia kama zenye utupu chini; zilinijibu ngumu, kama udongo wa siku ile.

"Umesikia?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa kukubali, akainama kuvua viatu vyake.