Mke Wangu Anamficha Daktari Damu kwa Sababu Daktari ni Mkwe

Admin, jina langu likae kwako tu. Mimi ni mzee wa miaka sabini kasoro, wa Bangwe, huku ziwani. Shule niliishia la tatu, kwa hiyo anayetaka kucheka mwandiko acheke akimaliza kusoma. Ziwa hili nimelivua tangu sina ndevu. Nyumba ya tofali za kuchoma nimejenga, watoto nimesomesha, na mawimbi yaliyowaliza wanaume wazima mimi niliyavuka huku natafuna muhogo. Leo nimekwama, tena kwa jambo la kinyaa.

Mama watoto ana miaka hamsini na sita. Siku zake za kike zilikoma zamani kidogo. Yakaja mengine: joto linampanda mpaka kanga inalowa, halali, moyo unamwenda mbio, na hasira ambazo hata mimi mwenye nyumba napita pembeni. Nesi akamwambia aende kwa daktari, na kabla ya kwenda ajipange aseme kila kitu bila kuona haya.

Kila kitu! Na daktari mwenyewe ni nani? Mume wa binti yetu. Nilivyolelewa mimi, mkwe na mama mkwe hawapeani hata mkono. Huyu akija njia hii, yule anashika ile. Leo akamsimulie maungo yake? Nikamwambia mama watoto, "Nenda kwa mwingine, Ujiji wamejaa." Akanijibu, "Nikienda kwa mwingine watu watasema mkwe wangu hafai. Simharibii binti yangu nyumba."

Jumamosi binti akaja kutoka Gungu kumfanyisha mama yake mazoezi ya kujibu maswali ya daktari. Wamekaa jikoni wanaosha samaki, migebuka, mimi niko nje ya dirisha nashona wavu. Binti kajifanya daktari, kakunja uso, anakohoa kama mume wake.

"Haya mama, unalala?"

"Silali, dokta."

"Joto linakuja mara nyingi?"

"Ego, linakuja, hasa nikimwona baba yako."

Wakacheka mpaka sufuria ikaanguka. Nikatema mate. Halafu wakaingia ya chumbani! Binti anamuuliza mama yake kama anaumia akiwa na mume! Nikagonga dirisha. "Mna wazimu nyie? Mimi nipo hapa!"

"Baba, ziba masikio basi. Haya ndiyo anayouliza."

Kisha akashusha sauti. "Mama, hili ndilo kubwa. Tangu ikome, damu imerudi? Hata tone? Ikirudi haikaliwi kimya. Inaweza kuwa kitu kidogo, inaweza kuwa ugonjwa mbaya wa kizazi, lazima ipimwe mapema."

Mama akasema, "Haijarudi."

Admin, imerudi. Nimeiona kwenye shuka. Nimeiona kwenye beseni analolificha nyuma ya choo, mwezi uliopita na mwezi huu.

Binti alipoondoka nikamkabili. "Mbona umemdanganya mtoto?"

Hakuinua macho. "Nikimwambia yeye litafika kwa mumewe. Afadhali nife na heshima yangu. Kama linakuwasha sana, baba nanihii, twende wote ukaseme wewe."

Mimi! Niingie chumba cha daktari kwa mkwe, niliyepokea mahari yake, anayeniamkia ameinama, nimwambie mke wangu anatoka damu? Kumwambia binti nako, baba gani anatamka hayo kwa mwanawe? Lakini nikibaki nje, najua atakachosema huko ndani: joto, usingizi, moyo. Atapewa vidonge, tutarudi Bangwe na damu yetu.

Nimechukia kila kitu. Nimechukia hayo maswali, nimechukia lile beseni, na hii heshima tuliyorithi inaninukia sasa kama dagaa walionyeshewa na mvua. Ila kuitupa siwezi, ndiyo niliyokulia. Na mwanamke mwenyewe ndiye huyu huyu mmoja, sina wa akiba.

Miadi ni Jumatatu. Gauni la kwendea ameshalipiga pasi. Ninyi wenye wakwe, ninyi mliosoma, hata wewe unayecheka: nishaurini. Niingie nikatamke mbele ya mkwe, au nikae kwenye benchi na heshima yangu, nimwache akadanganye?