Dalali Asiyetoa Uso Wake

Saa moja na nusu asubuhi, kinachoonekana cha Yuslim Baqatyan ni miguu tu, na ndara moja imemvuka. Mwili uliobaki uko chini ya kigari cheupe kilichoshushwa melini wiki iliyopita, na mwanga wa tochi yake unatembea polepole kwenye vyuma. Ana miaka hamsini na minane. Kila akitoka uvunguni hukaa kitako kwanza, hushika kiuno, ndipo husimama.

"Hiki kizima," anasema, akifuta mikono kwenye kikoi. "Lakini nitaingia tena baadaye. Asubuhi macho yangu siyaamini."

Yuslim ni dalali wa magari madogo ya mizigo yaliyokwishatumika Japani, yale ambayo Tanzania huitwa Kirikuu. Katika yadi hii iliyo nje kidogo ya Mukalla, Yemen, yako kama thelathini, mengine bado yana maandishi ya Kijapani mlangoni. Wavuvi huyanunua wabebee papa mkavu, wauza maji huyawekea matangi, na wafugaji nyuki wa bonde la Doan huyapakia mizinga.

Gari moja huenda kwa riyali za Saudia elfu tisa hadi kumi na mbili, na dalali hupata mia mbili. Zamani Yuslim aliuza manane kwa mwezi. Siku hizi akifikisha matatu anashukuru Mungu, na kosa anasema ni lake mwenyewe.

Hapa yadini hakuna karatasi ya dhamana. Mnunuzi akisharidhika humwuliza dalali, "Uso wako?" Dalali akigusa shavu lake kwa kiganja, basi ameliwekea gari heshima yake na ya watu wake, na mnunuzi huondoka bila wasiwasi. Madalali wote hugusa shavu. Yuslim hagusi tena.

Mnunuzi akimwuliza, yeye humpa tochi na kumwambia aingie uvunguni ajionee. Wengi hucheka, wakahamia kwa dalali wa pili. Wenzake humtania kwamba uso ameuweka rehani kwa mkewe, na ndiyo maana kila jioni hukimbilia nyumbani. Naye hucheka pamoja nao, kicheko kifupi.

Ili kumwelewa, lazima kujua kazi moja ya mafundi wa hapa. Magari haya hutoka Japani usukani ukiwa kulia, na barabara za Yemen zinataka uwe kushoto. Fundi mzuri huuhamisha kwa kuweka vyuma kamili vya upande wa pili. Fundi mvivu hukata shafti ya usukani, huiunga kwa kuichomelea, kisha huipaka rangi nyeusi ili kiungo kisionekane.

Alhamisi moja, miaka minne iliyopita, alikuja mfugaji nyuki kutoka Doan, Karama Balfas. Alipenda gari moja, akauliza injini, akauliza gia, akapimapima nyuma kuona mizinga mingapi itaenea. Usukani hakuuliza. Yuslim alikuwa ameshachungulia chini ya gari hilo asubuhi ileile, akaona shafti ina rangi mbichi inayong'aa.

"Chuma cha miaka ishirini kinapakwa rangi ya jana kwa nini?" anauliza sasa, kana kwamba yuko mtu wa kumjibu. "Nilijua. Nilitakiwa kusema neno moja tu, ngoja nimwite fundi akitazame. Lakini ilikuwa saa saba, nyumbani wamepika wali na samaki, mama watoto kashapiga simu mara mbili. Karama akaniuliza, uso wako? Nikagusa shavu, nikaenda kula."

Ni njaa tu? anaulizwa.

"Njaa tu, bwana. Ingekuwa tamaa ya pesa, walau ningejielewa."

Siku tisa baadaye, kwenye mteremko mkali wa kushukia Doan, usukani ulizunguka bure mikononi mwa Karama. Gari lilijibamiza kwenye jabali la kando. Lingekwenda upande wa pili, ni korongo. Karama alivunjika bega na nyonga. Mizinga thelathini na minane, ya nyuki aliorithi kwa baba yake, ilipasukia juani, na hadi watu wanafika, asali ilikuwa inachuruzika barabarani na nyuki wametawanyika.

Yuslim alisikia habari hizo kwa dereva wa lori, akakosa usingizi. Alifanya kama desturi inavyotaka: alichukua wazee wanne na kondoo mnene, wakapanda hadi Doan kuomba radhi. Karama aliwapokea kitandani, akaagiza kahawa na mahamri, akawauliza hali za watoto. Ila alikataa kondoo achinjwe, na kondoo asipochinjwa radhi haijapokelewa.

"Akaniambia, 'Yuslim, sina neno na wewe. Usukani sikukuuliza.' Basi. Tukarudi na kondoo wetu analia nyuma ya gari njia nzima."

Ila si kondoo anayemkaa rohoni. Siku ile wazee walisema ni kudra, gari ni chuma, nani angejua. Naye Yuslim, aliyejua, aliitikia kwamba ni kudra. Miaka minne hajamwambia mtu kuhusu ile rangi, hata mkewe. Anapolitaja hilo anajifanya kutafuta ndara yake.

Saa nne anaingia yadini kijana wa miaka thelathini hivi, Awadh Bajaber. Analizunguka lile gari jeupe, analiwasha, analizima. Kisha anauliza swali la yadi.

"Ami Yuslim, uso wako?"

"Uso sitoi, baba. Tochi hii hapa. Anza na shafti ya usukani."

Awadh anaingia uvunguni bila kubisha, anakaa huko muda mrefu kuliko wanunuzi wengi. Anapotoka, shati limejaa vumbi, anasema atalichukua. Wanapeana mikono. Hapo ndipo anapojitambulisha kuwa ni mkwe wa Karama Balfas, amemwoa bintiye wa mwisho, na mzee anataka kurudia nyuki maua yakichanua.

"Ndiye aliyenituma kwako," anasema Awadh. "Kaniambia, nenda kwa Yuslim, muombe uso wake. Akikupa, rudi na pesa zangu. Akikunyima, nunua."

Yuslim anakaa juu ya tairi kuukuu.

"Salamu je, alinitumia?"

"Salamu hakutuma, ami."

Si rahisi kujua kama huo ni msamaha au kijembe, na Yuslim mwenyewe hajui. Anachojua ni kwamba gari hili halitateremka Doan bila yeye. Anamwambia Awadh kwamba Jumamosi atalipeleka kwa mkono wake, na penye mteremko ule ni yeye atakayeshika usukani. Awadh anamtania kwamba kwa kiuno kile watafika maua yameshapukutika, lakini anakubali.

Mwandishi anapofunga daftari, Yuslim anamshika mkono. "Haya ya rangi yaandike," anasema. "Ila yasitoke kabla ya Jumapili. Karama asije akayasikia kwa mtu mwingine."

Jumapili jioni anapiga simu. Gari limefika salama, na sasa limeegeshwa kwenye kivuli cha ukuta wa Karama, likisubiri mizinga kumi na miwili ya kuanzia. Anataka akipata nafasi arudi kusaidia kuipakia, iwapo ataruhusiwa. Halafu, bila kuulizwa, anasimulia lile hasa lililompeleka huko.

"Nilimwambia yote. Rangi, saa saba, njaa, na ile kudra niliyoitikia. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu, siku ile nyumbani kwako mlipika nini? Nikamwambia wali na samaki. Akamwita binti yake, akaagiza wali na samaki."

Msamaha Karama hakuutaja, naye Yuslim hakuuomba tena. Waliwekewa sinia moja katikati. Karama hakugusa chakula. Alikaa na bega lake lililopinda, akimtazama mgeni wake anavyokula.

"Nikala, bwana," anasema Yuslim. "Wali ule nilikula wote, mpaka nikaona chini ya sinia."