Nilijenga seva yenye nguvu na isiyo na kelele kwa ajili ya mama mkwe, ikafa bila kuaga

Wakuu, poleni na majukumu. Naandika kutoka Lubumbashi, na sitaongeza chumvi, maana aibu yenyewe inatosha.

Mimi ni fundi wa network. Vita vilipofika mji wao huko Kivu ya Kaskazini, ndugu wa mke wangu walikimbilia kwangu: mama mkwe na Neema, shemeji yangu mdogo, anayesubiri mtihani wa taifa.

Nyumba yao iliungua. Neema alibaki na simu yenye picha za bulletin zake, yaani ripoti za shule. Bila hizo, hakuna shule ya kumwandikisha mtihani.

Simu ilikuwa imejaa. Nikamwambia, lete kwa fundi. Nikazihamishia kwenye seva yangu, kwenye simu nikazifuta.

Hapo pakumbukeni.

Seva niliiokota kwenye vyuma chakavu vya kampuni moja ya migodi. Core kibao, RAM ya kumwaga, ila feni zake zilinguruma hadi kwa jirani. Niliiweka sebuleni. Kila nikiiwasha, mama mkwe anakamata furushi lake la kitenge na kusimama mlangoni, tayari kukimbia.

Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tatu nikaelewa kuwa masikioni mwake mngurumo ule ni vita, nikajiona mjinga.

Nikaijenga upya. Feni ndogo zote nje. Nikafunga heatsink kubwa, kile chuma cha kunyonya joto, na feni mbili pana za kuzunguka polepole, nikapunguza volti za CPU, diski nikaikalisha juu ya vipande vya kandambili. Umeme wetu ni wa kubahatisha, kwa hiyo nikaongeza betri ya gari na inverter.

Wakuu, kimya. Unatega sikio, husikii kitu. Nilipiga nayo hadi selfie.

Sasa, kwetu kaskazini ya Katanga, mwanaume haongei na mama mkwe ana kwa ana. Humtazami machoni, hugusi kitu chake. Ukiwa na neno, unampitishia mke. Kwa hiyo mimi sikumweleza kitu, na yeye akaona sanduku jeusi limetulia, akalifumia kitambaa cha kulifunika, kama tunavyofunika televisheni.

Kinaziba hewa, kwa hiyo nikamwomba mke wangu, Kavira, amwambie akitoe.

"Mama alifuma hiyo siku tatu," akasema. "Njo aksanti yake kwako. Nitamuambia nini?"

Kama ni shukrani, basi, nikaufyata. Fundi mzima nikaacha mashine ivae sweta.

Wiki ya kujiandikisha ikafika, Neema akataka bulletin zake. Seva ilikuwa imekufa kwa joto, na kwa kuwa hata ikiwa hai haikusikika, hakuna aliyejua imekufa lini. Diski ilikuwa moja. Ya backup ilikuwa kwenye mipango.

Niliipeleka kwa vijana wa Kasapa pale chuo kikuu, wanaofufua diski. Wakanipa pole.

Neema hakulia. Alikaa tu akiitazama simu yake. Heri angenitukana.

Nikavunja mwiko. Nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, macho chini, nikasema kwa mdomo wangu, "Mama, bulletin za Neema zimepotea. Nimezipoteza mimi."

Akavuta lile furushi. Sote tulidhani ni nguo. Akafungua kitenge, akazitoa moja moja: bulletin zenyewe, za karatasi, mihuri yote, bado zinanuka moshi.

"Mulisema bintu byote biko mu ile masini," akasema. "Hakuna mwenye aliniuliza minabeba nini."

Machozi yalinitoka, sitawadanganya.

Neema kaandikishwa. Seva ina diski mbili, kitambaa kimehamia kwenye televisheni, na ruhusa ya kukihamisha nilimwomba mama mwenyewe, bila kumtuma mke.

Nilichojifunza: kabla ya kujivunia mtambo wako, muulize aliyekimbia vita alikimbia na nini.

Wataalamu wa cooling, uwanja ni wenu, nichekeni mtakavyo. Ila kwanza semeni backup yenu iko wapi, na nani kaibeba.