Besi la Mkono wa Kushoto

Vumbi la mpingo lina harufu kavu inayokwama kooni, na mpaka leo nikiisikia viganja vinanitoka jasho. Hunirudisha kwenye kibanda cha fundi wa vinyago pale Chuno, Jumamosi moja mchana, nikiwa na miaka kumi na mitatu, gitaa langu la besi limelala magotini pa Fundi Saidi likiwa halina hata uzi mmoja. Lilikuwa jekundu, jepesi, la mtu anayeanza kujifunza, na baba alikuwa amenipa kwa sharti moja tu: nilipige kwa mkono wa kulia, kama watu. Mimi nimezaliwa na mkono wa kushoto. Baba, karani wa bandarini na mwalimu wa kwaya yetu ya vijana, alikuwa ameshanihamisha mkono kwenye sahani, kwenye kalamu na kwenye salamu, na hakuona kwa nini gitaa limshinde. "Siku nikikuta umeligeuza," aliniambia, "nalirudisha dukani, na kwenye kwaya utaimba tu." Baba yangu hakuwa mtu wa kutishia halafu akasahau.

Nilijikaza miezi mitatu. Kupiga kwa kulia kulikuwa kama kufagia uwanja kwa mguu, na kila nilipokosea nilitamani kulibamiza ukutani. Mwisho nikasema liwalo na liwe. Lakini kuligeuza gitaa si kulipindua tu. Nyuzi zote nne lazima zibadilishane nafasi, ule mnene uje juu, na kile kipande cha plastiki cha shingoni kinachozishika hakikubali, maana kila mkato wake umetengenezwa kwa unene wa uzi mmoja. Fundi Saidi alikipima kwa ukucha, akachonga kingine cha mpingo, akawa anapitisha msasa kidogo, anaweka uzi, anautoa, anarudia. "Baba'ako anajua?" aliniuliza bila kuinua macho. "Anajua," nikadanganya. Kilibaki kifungo cha kushikia mkanda wa begani, ambacho kilitakiwa kuhamia pembe ya pili ya gitaa. Alipochukua keekee atoboe, nikamshika mkono. Nyuzi ningeweza kuzirudisha, na plastiki pia. Tundu nisingeweza kulificha.

Jumapili nilisimama nyuma ya waimbaji, gitaa nimelivaa kwa kushoto. Baba alipanda kwenye kijukwaa chake, akainua mikono, ndipo akaniona. Mikono ikabaki juu. Mtu akakohoa, na mimi nikakitazama kifungo cha shati lake kwa sababu usoni nisingethubutu. Kisha akaishusha mikono na wimbo ukaanza. Kwa mara ya kwanza vidole vyangu vilifika vyenyewe, nami nikafurahi na kuogopa kwa pamoja. Ila mkanda ulikuwa umefungwa upande usiofaa, gitaa likawa linapinduka tumboni, nalizuia kwa mkono. Ubeti wa pili mkono huohuo ukagusa kitufe cha sauti, ambacho sasa kilikuwa juu, na besi ikazima. Baba alinikazia macho, akanionyesha kile kitufe kwa kidevu. Nikakirudisha, tukamaliza. Nyumbani alilichukua gitaa, akaliingiza chumbani kwake na kufunga kwa ufunguo.

Jumatatu jioni alirudi kutoka kazini na drili ya kuazima. Nilikuwa uani naosha vyombo niliposikia mlango unafungwa, kisha ile drili ikaanza kunguruma. Niliamini anang'oa kila alichoweka Fundi Saidi. Nilisimama niende, mama akaniambia, "Upendo, kaa hapo hapo." Nikakaa, nikasugua sufuria moja mpaka mikono ikaniwaka, machozi yananitiririka. Mlio ulikoma. Baba akatoka na gitaa, akanivisha mkanda shingoni na mikono yangu bado ina povu. Lilitulia kifuani. Kifungo kilikuwa kwenye pembe ya pili, na unga wa mbao bado umelizunguka tundu jipya. "Jana lilikuwa linakuangusha," alisema. Akaanza kuondoka, akageuka. "Ila chakula ni kulia."

Siku hizi napiga gitaa lililotoka kiwandani likiwa la kushoto, na hakuna anayeniuliza. Lile jekundu bado lipo kwa wazazi wangu Ufukoni. Chumvi ya hewani imezila nyuzi, lakini kile kipande cha mpingo hakina hata ufa. Likizo iliyopita mwanangu wa miaka minne alikaa sakafuni pale, akachukua penseli kwa mkono wa kushoto. Baba, ambaye sasa amestaafu, alimtazama, na mimi nikajikuta nimebana pumzi kama siku ile kanisani. Akainama taratibu kwa sababu ya mgongo, akamsogezea daftari upande wa kushoto, akaendelea kunywa chai yake. Mimi kulifikia hilo nilihitaji uongo mmoja, Jumapili nzima ya woga, na mlio wa drili nyuma ya mlango uliofungwa. Mwanangu hakuinua hata kichwa. Alikuwa anachora.