Kidevu cha Mzee Kilipoonekana

Wiki jana nilikuwa Kitui mjini kwa tabibu wa sindano za Kichina, zile za kuchomwa ili kutuliza maumivu, kwa ajili ya shingo yangu inayoumizwa na kompyuta. Aliyenitangulia ni mama mkulima, aliyeletwa na mumewe kutoka upande wa Mwingi. Shingo yake ilikuwa imekakamaa tangu msimu wa kuvuna ndengu, na kwa majuma kadhaa hakuweza kuinua kichwa. Alikuwa akiona viatu vya watu tu.

"Kanisani wanasema hizi sindano ni uchawi," alimwambia tabibu.

"Mama, ni nyembamba kama unywele, na hazina dawa ndani."

"Basi ngoja niombe kwanza."

Aliomba kwa Kikamba, tena kwa kirefu, hata tabibu akaitikia amina. Sindano zilipoanza kuingia, mama alimfinya mumewe mkono kwa nguvu mpaka mzee ndiye aliyelia, "Wooi!"

Sindano zilipotolewa, tabibu alisema, "Sasa inua kichwa polepole." Mama akainua kidogo, akapumua, akainua tena, mpaka macho yake yakafika usoni kwa mumewe.

"Mzee! Kumbe umenyoa ndevu?"

"Kitambo. Hukusema kitu, nikadhani tu hukupenda."

Sisi tuliokuwa tukingoja kwenye benchi mle mle chumbani tukacheka, lakini mama alimpapasa shavu taratibu, kana kwamba hatukuwepo.

Tabibu alimwambia arudi, maana maumivu hayakuwa yamekwisha yote. Wengi wetu shingo ni nzima na bado hatujui nani nyumbani amenyoa. Wawili hao walitoka wameshikana mikono, mzee akijigusa kidevu kama kijana anayekwenda kuposa.