Sauti ya Sabuni Chini ya Hotuba ya Gavana

Siku yangu ya kwanza kazini, redio ya Lubumbashi, Shefu wa Studio alinipa wembe. Nilikuwa nimetoka tu shule ya masista, na nilidhani kazi ya redio ni kusema. Kumbe wapi! Alinikalisha mbele ya mashine, akanionyesha bande, ule utepe wa kahawia unaoshika sauti, akaniambia: "Mupadri alikohola katikati ya mahubiri. Utafute ile kikohozi, uikate, uunge. Bantu basisikie kama iko na kifua."

Nilizungusha gurudumu kwa mkono, polepole, na mahubiri yakaanza kwenda kinyumenyume, maneno yameyeyuka. Kikohozi nilikipata, nikakikata kwa mshazari, nikaunga kwa kipande cha plasta nyeupe. Jumapili padri alisikika mzima wa afya, na mama yangu akasema padri huyu Mungu amemjalia mapafu. Mimi nikaendelea kula bukari yangu, ule ugali wetu.

Miaka ikapita hivyo. Ukishinda na sauti za watu, zinakufuata nyumbani. Asubuhi za baridi, jua likiingia dirishani na vumbi jekundu linaelea ndani yake, nilikuwa nasikia sauti za watu waliokwisha kufa zikisalimia, na sikuona ajabu. Ninyi vijana mna simu zinazokumbuka kila kitu. Sisi, bande zilikuwa chache, zikatumika tena na tena. Kufuta ilikuwa nusu ya kazi yetu.

Ndipo akaja Sabuni kurekodi. Mji mzima ulimwita hivyo, maana alisema kazi yake ni kufua nguo chafu za wakubwa mbele ya watu. Mtoto wa fundi wa reli, mrefu, gitaa lake limefungwa kwa waya. Aliimba wimbo mmoja tu siku ile: "Shaba inapita pa mulango, haitusalimie." Kila mtu alielewa. Treni zilipita nyuma ya nyumba zetu zimejaa shaba, na ndani ya nyumba hakuna chumvi. Shefu alicheka mpaka machozi, halafu akajipangusa, akasema, "Sabuni, utatufungisha, weye."

Wimbo ulipita hewani wiki moja. Wauza dagaa wakauimba, hata polisi wa barabarani waliupiga mluzi. Kisha asubuhi moja Sabuni akachukuliwa na askari nyumbani kwake, na saa nne Mkurugenzi akasimama mlangoni pangu na tai yake.

"Mademoiselle, ile bande ya Sabuni, uifute leo. Gavana anakuya kurekodi hotuba, na bande ingine haiko."

"Yote, Monsieur le Directeur?"

"Yote."

Kanuni yetu ilikuwa moja: kabla ya kufuta, usikilize mpaka mwisho, usije ukafuta kitu cha wenyewe. Basi nilisikiliza. Aliimba wote, na mwisho kabisa, gitaa limenyamaza, akacheka kidogo. Nikaiweka kwenye mashine mpya tuliyoletewa mwaka ule, nikafuta. Nikasikiliza tena kuhakikisha: kimya. Kisha nikashika kazi nyingine kama kawaida. Hilo ndilo limeniuma maisha yangu yote. Mchana Gavana akaja, akarekodi juu yake.

Sabuni alirudi kutoka gerezani baada ya miezi kadhaa, amekonda. Studio hakuingia tena. Alipiga gitaa mtaani kwao Ruashi, kwenye matanga na kwenye baa, na aliendelea kuwasema wakubwa bila kushusha sauti. Siku moja tulikutana sokoni. Akaniuliza, "Mademoiselle, wimbo yangu iko?"

Nikamwambia, "Iko."

Akafurahi, jamani! Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alikufa akiamini neno langu.

Mimi nikahamishwa mashambani, Kasomeno, kurekodi wauza samaki na mabwana shamba, kisha nikarudishwa Lubumbashi kutunza maktaba ya bande, mpaka pansheni. Sasa nalima mahindi na lengalenga, mchicha wetu, huku Kasungami pembeni mwa mji, na mgongo unanisema kila asubuhi. Wimbo haukufa. Vijana wa Ruashi wanauimba malori ya mgodi yanapopita na kuwajaza vumbi. Lakini wanauimba kwa sauti zao. Sauti yake mwenyewe hakuna aliyeweza kuisikia tena.

Mwaka huu Héritier, fundi anayehamishia bande zetu kwenye kompyuta, alinipigia simu akipiga kelele. Ile mashine tuliyoiita mpya iliharibika, akafufua ile ya zamani kutoka stoo, akaweka hotuba ya Gavana. "Mama, chini ya Gavana kuko muntu anaimba!"

Nilielewa palepale, kwa kuwa kazi ni kazi. Mashine ya zamani, iliyomrekodi Sabuni, iliandika upana wote wa bande. Ile mpya ilifuta njia mbili, juu na chini, ikaacha mstari mwembamba katikati usioguswa. Yenyewe haiusomi mstari ule, ndiyo maana nilisikia kimya. Ya zamani inausoma. Fundi mzuri angejua. Mimi sikujua.

Wiki ile ile Julienne, binti wa Sabuni, akaja kwangu na kitenge cha zawadi. Habari ilikuwa imeshaenea: mama wa redio alimficha Sabuni chini ya Gavana. Watu wa Ruashi walikuwa wanapanga sherehe ya kumsikiliza, ukumbi wa parokia.

"Mama, weye njo ulilinda sauti ya papa. Aksanti sana."

Lo! Ningeweza kunyamaza. Umri wangu huu, nani angejua? Kitenge kilikuwa kizuri, na niliona haya kukigusa.

"Mwanangu, hapana. Mi njo nilimufuta. Nilifuta yote, na nilifikiri imeisha. Na papa yako nilimudanganya."

Kitenge akakirudisha kwenye mfuko aliokuja nao. "Basi utasema vile pale ukumbini," akasema. "Na kinywa yako mwenyewe." Akaondoka bila kunywa chai.

Nilikwenda. Nilisimama mbele ya maikrofoni, mimi niliyekaa nyuma ya kioo miaka yote, nikasema kila kitu: wembe, Mkurugenzi, soko. Hakuna aliyepiga makofi. Nilipokaa, kiti cha pembeni yangu alikuwa amekaa Julienne.

Héritier akawasha ile mashine ya zamani. Gavana akaanza kunguruma juu ya umoja na utii, na chini yake, mbali, kama mtu anayeimba nyumba ya pili, Sabuni. Ukumbi mzima uliinama mbele. Watoto walifumba macho ili wasikie. Gavana alisema kwa nguvu, akapiga meza, akasema tena, na hapakuwa na mtu hata mmoja anayemsikiliza.

Julienne alikuwa analia. Hakunishika mkono. Lakini hakuhama kiti.