Mvua na Kiburi cha Anguyo

Juzi mwanangu alirudi kutoka sekondari akinuka tope na majani mabichi. Akasema ameadhibiwa.

Harufu ile ilinirudisha kwetu Aroi, alasiri moja ya utotoni, nilipomkuta kaka yangu Anguyo akipalilia tumbaku ya mwalimu wake wa hesabu. Udongo ulikuwa bado umelowa mvua, na mikono yake ilinata utomvu. Kutoka darasani nilisikia wenzake wakijibu maswali kwa sauti moja.

"Umekosa nini leo?" nilimuuliza.

"Nilicheka," alisema bila kuinua mgongo. "Mwalimu anasema mimi iko na kiburi."

Nyumbani mama alifoka, "Kila siku makosa iko kwako tu?"

Mimi niliamini mvua ndiyo inayoharibu tabia za wavulana wenye nguvu, maana kiangazi kizima, hata wacheke vipi, hakuna aliyekuwa na kiburi. Anguyo alipoanguka mtihani wa hesabu, sote tulisema amejitakia.

Kwa hiyo juzi sikumuuliza mwanangu amekosa nini. Nilimtazama viatu, kisha nikamuuliza, "Mwalimu yako analima nini?"